Je, wajua? Kwa nini Canterbury walicheza kriketi na mti uwanjani

Wiki ya Kriketi ya Canterbury, huko Kent kusini mashariki mwa Uingereza, ilianza mwaka 1842 na inahesabiwa kuwa tamasha kongwe kuliko yote ya mchezo huo. Mchana ni mechi, mahema na vikapu vya chakula; jioni, kikundi cha Old Stagers kiliwaigizia watu jukwaani tangu mwaka ule wa kwanza. Hapo ndipo mpigaji Mwingereza W. G. Grace alipopata mikimbio (alama za kriketi) 344 mwaka 1876, akiwa wa kwanza kuvuka 300 kwenye mechi za daraja la kwanza.

Lakini kilichowashangaza wageni ni mti mkubwa wa tilia, uliosimama ndani ya kamba ya mpaka. Sababu yake haina maajabu: mti ulitangulia. Uwanja wa St Lawrence, ambao ndio uwanja wa Canterbury, ulipoanza kutumika mwaka 1847 tayari ulikuwepo, na hakuna aliyeukata.

Maajabu yako kwenye hesabu. Wengi hudhani mpira ukiugonga mti ukiwa hewani, mpigaji anapata mikimbio sita. Hapana, ni nne. Hata shuti lililogonga tawi la juu kabisa, ambalo bila mti lingetua kwa watazamaji, ni nne tu. Sita hupatikana mpira ukivuka mpaka bila kugusa ardhi ya ndani, na uliogonga tawi haujavuka kitu.

Basi hiyo nne imetoka wapi? Fikiria watoto wanaocheza chandimu chini ya mwembe. Kabla ya kuanza wanakubaliana: mpira ukigusa shina, unarushwa upya, ukinasa matawini, aliyeupiga anaupandia. Asiyekubali mapema hana haki ya kulalamika baadaye. Sheria za kriketi zinasema karibu hivyo hivyo: kizuizi kilicho ndani ya uwanja si mpaka, ila waamuzi wakikifanya mpaka kabla ya kurusha sarafu. Bila makubaliano hayo, mpira ungedunda kwenye shina na mchezo ungeendelea, wadakaji wakiusubiri chini ya majani. Canterbury walikubaliana kuwa mti ni mpaka, na mpira uliougusa haudakwi tena.

Wapo pia wanaosema hakuna aliyewahi kuupitisha mpira juu yake. Wanatajwa wanne, wakiwemo Learie Constantine mwaka 1928 na Carl Hooper mwaka 1992, wote wawili kutoka Karibi. Ila orodha hiyo inategemea macho ya waliokuwepo, na juu ya matawi hapakuwa na mwamuzi.

Mti wenyewe, ukiwa umeshaliwa na kuvu, ulivunjwa na upepo Januari 2005. Mwaka huohuo ulipandwa mti mchanga badala yake, wa kimo cha mtu mzima hivi, na tangu siku hiyo kuuvusha mpira juu ya mti wa Canterbury hakukuwa tena jambo la kuandikiwa orodha.