Jopo la weupe watupu: dhana potofu kuhusu uteuzi wa wazee wa mahakama Marekani

Kwanza tutenganishe mambo. Wazee wa baraza tuliowazoea Tanzania hutoa maoni tu, na jaji halazimiki kuyafuata. Marekani, katika kesi nzito za jinai, kwa kawaida jopo la raia 12 ndilo linaloamua kama mshtakiwa ana hatia. Kwa hiyo anayewachuja hao 12 ameshika nusu ya kesi mkononi.

"Mshtakiwa mweusi ana haki ya kupata weusi wenzake kwenye jopo."

Hana. Haki iliyopo, tangu kesi ya Strauder ya 1880, ni kwamba weusi wasizuiwe makusudi kwa sababu ya rangi yao. Linalotakiwa kufanana na jamii ya eneo ni lile kundi kubwa linaloitwa mahakamani kabla ya mchujo. Nalo huanza kupunguka mapema: majina hutoka zaidi kwenye daftari la wapigakura na leseni za udereva, na mpangaji anayehamahama barua ya wito haimfikii.

"Kesi ya Batson ilimaliza ubaguzi 1986."

Hapa ndipo wengi hukosea, wakiwemo wanasheria. Kila upande una nafasi za kumkataa mtu bila kueleza sababu. Katika mahakama za shirikisho, kwa makosa makubwa, mwendesha mashtaka anazo 6 na utetezi 10. Adhabu ya kifo ikiombwa, kila upande unapata 20. Katika kesi ya Batson, jimbo la Kentucky, mwendesha mashtaka alizitumia kuwaondoa weusi wote 4 waliobaki. Mahakama ya Juu ikaweka hatua 3: utetezi uonyeshe dalili za ubaguzi, mwendesha mashtaka atoe sababu isiyohusu rangi, kisha jaji aamue kama sababu hiyo ni ya kweli au ni kisingizio.

Kanuni huvujia hatua ya pili. Mwaka 1995, katika kesi ya Purkett, Mahakama ya Juu ilisema sababu si lazima iwe ya maana wala ya kushawishi. Nywele ndefu na ndevu zilitosha kuvuka hatua hiyo. Jaji naye, ili aseme ni kisingizio, inambidi amwite mwendesha mashtaka mwongo na mbaguzi, mtu atakayekutana naye tena Jumatatu. Wangapi watathubutu?

Ndiyo maana jimbo la Washington lilibadili kipimo 2018. Huko nia haihitaji kuthibitishwa. Inatosha kwamba mtazamaji makini angeona rangi ingeweza kuchangia. Sababu kama kutowaamini polisi, kuwa na ndugu aliyefungwa, au kuishi mtaa wenye uhalifu huhesabiwa batili mpaka ithibitishwe vinginevyo. California ilifuata njia hiyo kwa kesi za jinai kuanzia 2022.

"Bila neno la kibaguzi, hakuna ushahidi."

Ushahidi wenye nguvu ni ulinganisho. Katika kesi ya Flowers, Mississippi, mtu mmoja alishtakiwa mara 6 kwa mauaji yaleyale na mwendesha mashtaka yuleyule, ambaye kwa jumla aliwakataa weusi 41 kati ya 42 alioweza kuwakataa. Mara ya sita aliwauliza weusi 5 aliowakataa maswali 145, na weupe 11 walioingia jopo maswali 12. Alimwacha mweusi mmoja akae. Hilo halikumsaidia: 2019 hukumu ilitenguliwa, kwa kuwa kumkataa hata mtu mmoja kwa rangi yake ni kosa.

Mara chache makaratasi hujisemea yenyewe. Katika kesi ya Foster, Georgia, iliyoamuliwa 2016, majina ya weusi yalikuwa yamepakwa rangi ya kijani na kuwekewa herufi B kwenye maandishi ya upande wa mashtaka.

Wakili asisubiri bahati hiyo. Mwenendo wa kesi hauonyeshi sura ya mtu, basi aitaje rangi ya kila aliyekataliwa na kila aliyekubaliwa, iandikwe. Mwendesha mashtaka akisema "nimemkataa kwa sababu kaka yake alifungwa", atafute mweupe aliyebaki mwenye ndugu aliyefungwa, amtaje kwa namba. Na pingamizi litolewe kabla jopo halijaapishwa. Likichelewa, kwenye rufaa mara nyingi huwa limekwisha.

"Kanuni ya Batson ni kinga ya mweusi dhidi ya serikali tu."

Mshtakiwa mweupe anaweza kupinga kuondolewa kwa weusi (Powers, 1991), utetezi nao umekatazwa kubagua (1992), na jinsia ikaongezwa 1994.

"Dawa ni kufuta kabisa kukataa bila sababu."

Uingereza ilifuta 1988, Kanada 2019, jimbo la Arizona 2022. Mlango mmoja hufungwa hapo. Lakini kumkataa mtu kwa sababu iliyotajwa, mbele ya jaji na bila ukomo wa idadi, hubaki. Na mtu anayekiri kwamba yeye hawaamini polisi wa mtaani kwake anaweza kuondokea mlango huohuo.