Handikapu ya mbio za farasi: kumpima farasi, kisha kuipima bei yake

Tarehe 9 Juni 1973, katika uwanja wa Belmont Park jimboni New York, farasi aitwaye Secretariat aliwaacha wenzake kwa urefu wa farasi 31. Alikimbia maili moja na nusu kwa dakika 2 na sekunde 24, na kwa umbali huo juu ya udongo hakuna aliyemfikia hadi leo. Waliomwekea dola 2 walilipwa dola 2 na senti 20. Yaani mtu alimjua mshindi vizuri kabisa, akahatarisha dola mbili, akaambulia faida ya senti ishirini. Wiki nane baadaye, huko Saratoga, farasi huyohuyo alishindwa na Onion, ambaye leo anakumbukwa kwa sababu ya siku hiyo tu.

Handikapu, kwa wanaobeti, ni kazi ya kukadiria nafasi ya kila farasi katika mbio, kisha kulinganisha makadirio hayo na malipo yanayotolewa. Ina sehemu mbili, na wengi huishia kwenye ya kwanza. Wanasoma rekodi, wanachagua farasi wanayemwona bora, wanakwenda kwenye dirisha la kubetia. Hawajajiuliza kama bei yake, yaani malipo yanayotolewa akishinda, inafaa.

Neno hilohilo lina matumizi mengine ambayo msomaji atayakuta. Katika mbio za handikapu, afisa wa mchezo huwapa farasi wazuri uzito mkubwa wa kubeba na wale dhaifu uzito mdogo, ili wote wawe na nafasi ya kushinda. Uingereza ilimpa kazi hiyo Admirali Henry Rous mwaka 1855, na mfumo alioujenga bado unaonekana katika mbio za leo. Hapa tunamzungumzia mtu wa upande wa pili, yule mwenye karatasi, kalamu na pesa zake mfukoni.

Tuanze na pesa, maana ndiyo inayoamua maana ya kila kitu kingine. Katika viwanja vingi vya thorobredi, aina ya farasi wanaofugwa kwa ajili ya mbio, anayebeti hashindani na mwenye uwanja. Anashindana na watu wengine wanaobeti. Mfumo huo unaitwa parimutueli, ulibuniwa Paris na Joseph Oller katika miaka ya 1860. Madau yote ya aina moja huingia kwenye mfuko mmoja, uwanja unakata sehemu yake, na kinachobaki wanagawana waliopatia. Nchini Marekani makato hayo huwa kati ya asilimia 15 na 25 hivi, kutegemea jimbo na aina ya dau.

Chukua mfuko wa dola 100,000 na makato ya asilimia 17. Zinabaki 83,000. Kama watu wameweka 40,000 kwa farasi mmoja, akishinda kila dola italipa kama dola 2 na senti 7. Ili usipate hasara kwa kumbeti farasi wa namna hiyo mara nyingi, inabidi ashinde mara 48 katika kila 100. Lakini umma, kwa pesa zake, umesema atashinda mara 40. Pengo hilo ndilo makato. Ukiujua mchezo sawasawa na umma, hakuna zaidi wala pungufu, utapoteza taratibu hadi ziishe. Na umma si mjinga. Kipenzi cha wengi, yaani farasi aliyewekewa pesa nyingi kuliko wote, hushinda karibu theluthi moja ya mbio zote, na farasi wanaofuata kwa madau hushinda kwa mpangilio unaokaribiana sana na kiasi kilichowekwa juu yao. Kwa hiyo anayefanya handikapu hatafuti mbio ambazo yeye ana akili kuliko wote. Anatafuta mahali ambapo umati umekosea kwa kiasi kinachozidi makato.

Sasa rekodi. Kila farasi kwenye ratiba ya siku ana mistari ya mbio zake zilizopita: tarehe, uwanja, umbali, udongo au nyasi, muda wa vipande vya mbio, nafasi yake katika kila kipande, alikuwa nyuma kwa urefu wa farasi wangapi, nani alimpanda, alibeba uzito gani, watu walimpa malipo gani, na maneno machache kuhusu safari yake. Maneno hayo machache yana thamani kubwa kuliko yanavyoonekana. Farasi aliyemaliza wa sita baada ya kuzibwa njia kwenye kona si sawa na aliyemaliza wa sita akiwa na njia nyeupe mbele yake.

Jambo la kwanza kutazama ni daraja. Kuna mbio za farasi ambao hawajawahi kushinda, kuna mbio ambazo kila farasi ana bei iliyotangazwa na mtu mwenye leseni anaweza kumnunua kabla hazijaanza, kuna za kati, na kuna za tuzo kubwa. Farasi anayeshuka daraja huwavutia watu: jana alikimbia na wakubwa, leo amekuja kwa wadogo. Wakati mwingine ni kweli kwamba mkufunzi anamtafutia ushindi rahisi. Wakati mwingine farasi ana mguu unaouma na mwenye mali anataka auzwe. Kushuka kwa ghafla baada ya ushindi ni kwa kutiliwa shaka kuliko kushuka baada ya kushindwa, kwa sababu nani anauza kwa bei ya chini kitu kinachomlipa?

Kisha kasi. Muda mtupu haufai kulinganishwa, kwa kuwa udongo wa leo si wa jana, na uwanja huu si ule. Andrew Beyer, mwandishi wa habari za mbio nchini Marekani, alipata umaarufu katika miaka ya 1970 kwa kupanga namba za kasi zinazorekebisha tofauti hizo, na tangu mwaka 1992 namba zake zimechapishwa katika gazeti la Daily Racing Form. Zilikuwa silaha kali wakati wachache walikuwa nazo. Siku hizi kila mtu anaziona, hivyo farasi mwenye namba kubwa kuliko wenzake huwa tayari amewekewa pesa nyingi. Taarifa ikishakuwa ya wote, thamani yake inahamia kwenye bei.

Kwa maoni yangu, kitu ambacho umati bado unakisoma vibaya ni mwendo wa mbio, yaani jinsi nguvu zitakavyotumika kutoka getini hadi mwisho. Farasi wana tabia. Wapo wanaotaka kuongoza tangu mwanzo na wakinyimwa nafasi hiyo hukata tamaa, wapo wanaokaa nyuma kidogo ya viongozi, wapo wanaolala mkiani na kuamka mwishoni. Kabla ya kuuliza nani ana kasi, uliza nani atakuwa mbele baada ya mita 400, na atasumbuliwa na wangapi. Kiongozi aliye peke yake hupumzika huku akikimbia, na akifika kona ya mwisho bado ana akiba. Wakiwa watatu wanaogombea mbele, wanachomana wao kwa wao.

Kentucky Derby ya mwaka 2022, mbio maarufu za Marekani, ni mfano ambao hausahauliki. Robo maili ya kwanza ilikimbiwa kwa sekunde 21.78, mwanzo wa kasi kuliko wowote katika historia ya mbio hizo. Summer Is Tomorrow, aliyekuwa mbele kwa kasi hiyo, alimaliza wa mwisho kati ya farasi 20. Rich Strike, aliyekuwa huko nyuma, alipenya kando ya uzio na kumpita Epicenter, kipenzi cha siku hiyo, karibu na mstari. Malipo yake yalikuwa 80 kwa 1, na tiketi ya dola 2 ililipa dola 163.60. Alikuwa amepata nafasi siku moja tu kabla, baada ya farasi mwingine kuondolewa, na miezi kadhaa nyuma alinunuliwa kwa dola 30,000 katika mbio za kuuzia farasi. Wapo wanaosema kila dalili ilikuwepo. Siwaamini sana. Kwamba mbio zingeanza kwa kasi ya kuua, hilo mtu makini angeliweza kuliona. Kwamba katika kundi zima la wanaotoka nyuma angefaidika huyu na si mwingine, hapo ni bahati ikivaa nguo za elimu.

Mengine nitayapitia haraka. Nyasi na udongo ni kazi mbili tofauti, na farasi bingwa wa moja anaweza kuwa wa kawaida kwenye nyingine. Asiyewahi kukanyaga nyasi hupimwa kwa wazazi wake. Mvua hubadilisha yote. Aliyepumzika miezi sita hupimwa kwa mazoezi yake na kwa historia ya mkufunzi wake katika kurudisha farasi. Joki mzuri, yaani mpanda farasi, huongeza kitu, ila majina makubwa hupunguza malipo kuliko yanavyoongeza ushindi. Vifuniko vya macho vinavyovaliwa kwa mara ya kwanza huweza kumtuliza farasi mwenye kushtuka, au kumfanya akimbie kama mwendawazimu kwa nusu ya safari. Na farasi wachanga wote huhesabiwa umri kuanzia tarehe 1 Januari katika nusu ya kaskazini ya dunia, kwa hiyo wawili wanaoitwa wa miaka miwili wanaweza kupishana miezi minne, tofauti ambayo kwa umri huo ni kubwa.

Baada ya kusoma, andika asilimia. Hapa ndipo watu hupata uvivu, na hapa ndipo handikapu yenyewe ilipo. Kila farasi apewe nafasi yake, na jumla iwe 100. Tuseme farasi A umempa asilimia 35, na ubao wa malipo uwanjani unaonyesha 6 kwa 5, yaani dola moja inarudi kama dola 2.20. Zidisha: 0.35 mara 2.20 ni 0.77. Kila dola utakayomwekea inakupotezea senti 23 kwa wastani, ingawa unamwona ndiye bora. Farasi D umempa asilimia 16, naye yuko 9 kwa 1, dola moja inarudi 10. Hiyo ni 1.60. Dau ni D, ijapokuwa mwenyewe unaamini atashindwa mara 84 katika 100. Anayeona ugumu wa kuweka pesa kwa farasi ambaye hadhani atashinda bado yuko kwenye sehemu ile ya kwanza ya kazi.

Usichanganye makadirio hayo na malipo ya asubuhi yanayochapishwa kwenye ratiba. Yale hupangwa na mtu wa uwanja, na kazi yake ni kubashiri watu watabeti vipi, si farasi watamaliza vipi.

Siku moja ya mbio huwa na mashindano manane hadi kumi na mawili hivi, na mwanzoni kila mtu anataka kuyacheza yote. Kazi ya asubuhi ni kufuta. Mbio za farasi wasiowahi kukimbia, ambazo hakuna cha kusoma, zinafutwa. Mbio zenye farasi watano na kipenzi anayestahili bei yake hasa, zinafutwa. Zinabaki tatu au nne ambazo una maoni yanayotofautiana na ya umati, na hata hizo unaziandikia bei ya chini kabisa utakayokubali. Kisha orodha ya walioondolewa inatoka, na hesabu inabidi irudiwe: akiondolewa mmoja wa viongozi wawili, aliyebaki amekuwa farasi mwingine kabisa. Mbio za nyasi zikihamishiwa kwenye udongo kwa sababu ya mvua, karatasi yako yote ya mbio hizo ni takataka.

Uwanja wenyewe pia huzungumza kadiri siku inavyosonga. Walioongoza kando ya uzio wakishinda mbio zote tatu za kwanza, huenda udongo wa njia ya ndani ni mgumu na wenye kasi leo, na anayetoka nyuma apunguziwe nafasi. Huenda pia ni sadfa, au walioongoza walikuwa bora tu. Wengi huamini upendeleo wa uwanja mapema mno.

Madau ya kuunganisha, kama kutaja wa kwanza na wa pili kwa mpangilio, au washindi wa mbio sita mfululizo, hulipa pesa nyingi na kukatwa zaidi. Yana maana pale tu makosa ya umati yanapozidishana: ukipata kipenzi dhaifu katika mbio mbili zinazofuatana, kuziunganisha kuna faida kuliko kuzicheza mojamoja. Kuyatumia kwa sababu farasi anayekupendeza ana malipo madogo ni kuongeza gharama tu.

Wapo waliofika mbali na hesabu hizi. Bill Benter, Mmarekani aliyehamia Hong Kong katika miaka ya 1980, alijenga programu ya kompyuta iliyokadiria nafasi za farasi na kumpatia utajiri mkubwa. Hatua iliyobadilisha kazi yake ilikuwa kuingiza maoni ya umma ndani ya makadirio yake, badala ya kuyapuuza. Hilo linafaa hata kwa mwenye kalamu: ukimpa farasi asilimia 30 na umati umempa 5, uwezekano mkubwa kuna kitu umekosa kukiona. Irudishe namba yako chini kabla ya kugusa pesa.

Vikundi vya kompyuta vya siku hizi huweka mamilioni katika sekunde za mwisho, na kwa kuwa mfuko hujumlishwa mbio zikiwa zimeshaanza, farasi uliyemchukua akiwa 6 kwa 1 anaweza kuonyeshwa 4 kwa 1 akiwa tayari kwenye kona ya kwanza. Huna la kufanya wakati huo. Kwa hiyo bei ya chini uliyoandika asubuhi iwe na nafasi ya kupumua: kama unahitaji 4 kwa 1 ili dau liwe na maana, usiende dirishani ubao ukionyesha 4 kwa 1.