Wa Klabu Moja Wanapokutana Mkekani: Namna ya Kulinda Msisimko wa Mashindano

Katika mieleka ya kusalimishana, yaani ile ambayo pambano huisha pale mmoja anapogonga mkeka kwa sababu ya kabali au kiungo kilichofungwa, hakuna kinachomsumbua mwandaaji kama pambano la wachezaji wawili wa klabu moja. Hapa Kigoma jambo hili haliepukiki. Klabu zetu ni chache, vijana wa Ujiji, Mwanga na Gungu wengi wamepita mikononi mwa walimu walewale, na hata tunapopata wageni kutoka Kasulu na Uvinza, au wanaoshuka kwenye treni kutoka Tabora, bado uzito mmoja unaweza kuwa na watu wanane ambao nusu yao wanajuana tangu siku walipofundishwa kuanguka. Kazi yangu katika mashindano haya ni kupanga droo na kuamua mapambano, na ninataka kueleza kwa nini ninaamini kwamba pambano la wenzao kwa wenzao hupooza kwa sababu ya mpangilio wetu kuliko kwa sababu ya wachezaji wenyewe.

Wengi husema kwamba pambano hupooza kwa kuwa wachezaji wanajuana mno, kila mmoja akiujua mtego wa mwenzake kabla haujategwa. Kuna ukweli ndani yake, lakini hautoshi. Ukienda mazoezini jioni, vijana hao hao hukabana kwa ukali usiouona hata kwenye nusu fainali, wala hakuna anayewalipa. Kujuana hakuwazuii kupigana pale ambapo kupigana kuna maana. Kinachowazuia ni kukutanishwa mahali ambapo hawana cha kupata wala cha kupoteza, au mahali ambapo wakipatana wote wawili wanafaidika.

Ukikaa karibu na mkeka utaiona dalili mapema. Mmoja anapata mgongo wa mwenzake, anaingiza miguu yote miwili katikati ya mapaja yake, na mkono wake wa kulia unapita chini ya kidevu. Hapo ndipo pa kutazama. Anayeitaka kabali hushika msuli wa mkono wake wa pili, huficha kiganja nyuma ya kisogo cha mpinzani, kisha hukaza viwiko na kujaza kifua hewa. Asiyeitaka huacha viganja vyake vimeshikana juu ya kifua cha mwenzake, humtupia mwamuzi jicho, na yule aliyeshikwa naye hahangaiki kuuvunja mshiko, bali hubana kidevu tu na kusubiri. Watazamaji wengi hawajui majina ya mitego hii, lakini wanaitambua hali hiyo mara moja. Mazungumzo huanza jukwaani, na muuza karanga hupata wateja ghafla.

Sababu za hali hiyo ni za kibinadamu na hazistahili kukemewa ovyo. Kuna heshima: kijana aliyepangwa na kaka yake wa mazoezini, yule aliyemshika mkono tangu mwanzo, huona ni utovu wa adabu kumgongesha mkeka mbele ya mtaa mzima. Kuna hofu ya kuumizana, na hofu hiyo ni ya haki kabisa, hasa katika mitego ya kuzungusha kisigino, ambamo kano za goti zinaweza kuharibika kabla maumivu hayajamfikia mchezaji. Nani yuko tayari kumvunja mtu ambaye Jumatatu atamhitaji mazoezini? Halafu kuna hesabu ya klabu, ambayo ndiyo nzito kuliko zote. Ikiwa medali ya dhahabu na ya fedha zote zinarudi kwenye chumba kimoja cha mazoezi, mwalimu hana sababu ya kutaka wachezaji wake wachoshane.

Desturi iliyozoeleka duniani ni kuwatenganisha wenzao kwenye droo. Shirikisho la kimataifa la jujitsu ya Kibrazili, IBJJF, huwaweka wachezaji wa klabu moja katika pande mbili tofauti za droo, na wakifika fainali wote wawili huruhusiwa kukubaliana nani achukue ubingwa bila kupigana. Kwa upande wa haki ya klabu utaratibu huo unaeleweka. Kwa upande wa mtazamaji, umechukua pambano lenye uwezekano mkubwa wa kupooza na kuliweka mahali penye kiti cha bei kubwa. Sumo ya Japani imekwenda mbali zaidi: katika ratiba ya siku 15 wapiganaji wa kambi moja hawapangwi kabisa kupambana, isipokuwa wakilingana kwa ushindi mwishoni na kulazimika kuamuliwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Novemba 1995, ndugu wawili wa damu na wa kambi moja, Takanohana na Wakanohana, walipokutana katika pambano la kuamua ubingwa, na Wakanohana akashinda. Sumo inaweza kufanya hivyo kwa sababu ina kambi nyingi na haitumii mtoano. Sisi wa mtoano wa watu wanane hatuna nafasi hiyo.

Hesabu yenyewe ni rahisi na kila mpangaji anapaswa kuwa nayo kichwani. Katika droo ya watu wanane iliyopangwa kwa bahati nasibu tupu, wawili wa klabu moja wana nafasi 1 kati ya 7 ya kukutana raundi ya kwanza, na nafasi 4 kati ya 7 ya kuwa pande tofauti, yaani ya kutoweza kukutana hadi fainali. Klabu ikiingiza watatu, wawili kati yao lazima wawe upande mmoja, hata ukipanga kwa uangalifu wa namna gani. Ikiingiza watano, pambano la wenzao raundi ya kwanza haliepukiki. Kwa hiyo mwandaaji wa Kigoma anayeahidi kuwatenganisha wote anaahidi kitu ambacho karatasi yake haiwezi kukitimiza, na malalamiko yatakayofuata atakuwa ameyaita mwenyewe.

Msimamo wangu, ambao walimu wengi hawaupendi, ni kwamba katika mashindano madogo wachezaji wa klabu moja wawekwe upande mmoja wa droo na wakutane mapema, ikiwezekana raundi ya kwanza, ambayo kwa watu wanane ndiyo robo fainali. Mapema hakuna medali ya kugawana. Anayeshindwa anakwenda kukaa jukwaani, na anayeshinda bado ana safari mbele yake, na kwa hiyo kila mmoja ana cha kukipigania hata kama anampenda mwenzake kama ndugu. Mwili haujachoka, jukwaa halijajaa, na aibu ya kushindwa na mdogo wako saa nne asubuhi si sawa na aibu ya kushindwa naye jioni mbele ya mgeni rasmi. Ninajua gharama yake: klabu yenye wawili bora kuliko wote itampoteza mmoja mapema, na medali ya fedha itakwenda kwa mtu ambaye pengine asingemshinda yule aliyetolewa. Naikubali gharama hiyo, kwa sababu fainali ya kweli kati ya klabu mbili huiachia mikoa yetu kitu kikubwa kuliko medali ya fedha iliyotua mahali pake kwa usahihi kamili.

Jambo moja lisisahaulike hapo: droo ipangwe hadharani, baada ya kupima uzito, na isiwe na mlango wa kuchagua mpinzani. Katika Olimpiki ya London mwaka 2012, jozi nne za wanawake wa mpira wa vinyoya, moja ya China, mbili za Korea Kusini na moja ya Indonesia, ziliondolewa mashindanoni kwa kucheza ili zishindwe. Jozi ya China ilikuwa na sababu iliyo wazi, kwani kuongoza kundi kungeiweka kwenye njia ya kukutana na Wachina wenzao kabla ya fainali. Wachezaji walikuwa wa kiwango cha juu kabisa duniani, jukwaa lilikuwa kubwa kuliko yote, na bado mpangilio uliwaonyesha faida ya kushindwa, nao wakaifuata.

Uzito wenye watu watatu hadi watano haufai mtoano hata kidogo. Kila mmoja apambane na kila mmoja, na wenzao wakutane kwanza, kabla hawajajua nani anahitaji nini. Wapenzi wa soka wanaikumbuka Gijón mwaka 1982, Ujerumani Magharibi na Austria walipocheza wakijua kwamba ushindi wa 1–0 wa Ujerumani ungewapeleka wote mbele na kuiacha Algeria nje. Mchezo wa mwisho wa kundi ukiwa wa watu wenye maslahi ya pamoja, mwandaaji ameshaharibu mambo kabla filimbi haijalia.

Na wakifika fainali licha ya yote? Hapa ninapendekeza kanuni ambayo bado tunaijadili. Mchezaji asiyetaka kupambana na mwenzake aseme wazi, apewe nafasi ya tatu kwa heshima zote, na yule aliyeshindwa naye katika nusu fainali apande kuchukua nafasi yake katika fainali. Jeraha lililothibitishwa na mganga ni suala jingine. Wapo wanaosema si haki kwa aliyeshindwa kurudi kupigania dhahabu. Nawaelewa, lakini kanuni hii inaondoa faida ya bure iliyokuwapo: klabu inayotaka kumlinda mchezaji wake inaruhusiwa, ila inaiweka dhahabu yake rehani mikononi mwa mpinzani wa kweli. Nimeona mara kwa mara kwamba mchezaji akiambiwa hivyo, huvaa upya na kuingia mkekani.

Kosa ninaloliona likirudiwa na waandaaji wenye nia njema ni kuongeza zawadi kwa anayemsalimisha mwenzake wa klabu moja. Fedha hiyo huzaa maigizo. Kusalimu kwa kweli kuna mfuatano wake: aliyekabwa kwanza hupigania mkono, hugeuza mabega, hubana kidevu, uso hubadilika rangi, na kugonga huja mwisho, tena mara nyingi kumechelewa. Kwa maigizo, mkono hutolewa kama mtu anayepokea sahani, na mkeka hugongwa kabla kiungo hakijanyooka. Mwamuzi anaweza kuliona hilo, lakini hawezi kulithibitisha, na akiliadhibu kwa kukisia atamdhulumu siku moja mtu ambaye kweli bega lake ni bovu. Ni afadhali tuzo ya kusalimisha haraka kuliko wote isihesabu kabisa mapambano ya klabu moja, na pointi za klabu vilevile. Ushindi dhidi ya mwenzako ukupeleke raundi inayofuata tu.

Kanuni za muda nazo zinasaidia. Mashindano ya kimataifa ya kusalimishana ya ADCC, yaliyoanza Abu Dhabi mwaka 1998, hayahesabu pointi katika nusu ya kwanza ya pambano, yaani dakika 5 za mwanzo katika mapambano ya kawaida ya dakika 10. Kwa wenzao wanaojua kuzuiana hili ni zuri, kwa sababu kujaribu mtego na kuupoteza hakumgharimu mtu pointi. Lakini lililo bora zaidi kwa hali yetu ni muda wa nyongeza wa Eddie Bravo Invitational, mashindano yaliyoanza mwaka 2014: muda wa kawaida ukiisha bila mtu kusalimu, wachezaji hubadilishana zamu za kuanza wakiwa tayari wameshika mgongo au mkono wa mpinzani, na wakishindwa kusalimishana huangaliwa nani aliponyoka haraka. Huwezi kukumbatiana kwa adabu ukiwa na saa inayohesabu muda wako wa kuponyoka. Na kuponyoka hakumuumizi mtu, kwa hiyo hata yule anayeogopa kumvunja kaka yake anaweza kupambana kwa nguvu zote bila dhamiri kumsuta.

Mahali ambapo klabu ni tatu au nne tu, ningependa tuthubutu kuacha ubingwa wa mtu mmoja mmoja kwa siku nzima. Quintet, iliyoanzishwa na Kazushi Sakuraba wa Japani mwaka 2018, huzikutanisha timu za watu watano. Anayeshinda hubaki mkekani kumpokea anayefuata, na sare huwatoa wote wawili. Tatizo la wenzao kupambana linafutika lote, na lile lile pendo la klabu lililokuwa linapoza fainali linakuwa moto wenyewe. Mnyonge wa timu naye anapata kazi ya maana: akiweza tu kumbana shujaa wa upande wa pili hadi sare, ameiokoa timu yake. Ukiona jukwaa linavyosimama kwa kijana mwembamba anayejikunja chini ya mtu mzito, akihesabu sekunde pamoja na wenzake, utaelewa ninachokisema.

Kwa wale watakaoendelea na mtoano, mambo matatu ya kiutendaji. Mwalimu asikae pembeni mwa mkeka watu wake wanapopambana wao kwa wao, hata akiahidi kunyamaza, kwa sababu uso wake tu unatosha kumwambia mmoja alegeze. Mtangazaji awaeleze watazamaji kwamba hawa wawili wanafanya mazoezi pamoja na awaonyeshe mtego unaotegwa na jinsi unavyoteguliwa, maana pambano la wanaojuana lina utamu wake kwa anayejua atazame nini. Na klabu ya kila mchezaji iandikwe siku ya kujiandikisha na ibaki hiyo hadi mwisho, kwa kuwa mtu akiruhusiwa kubadili jina la klabu asubuhi ya mashindano, droo yote iliyopangwa kwa kuangalia nani ni mwenza wa nani haina kazi tena.