Je, wajua kwa nini mapovu yaliyookoa watoto Dhaka, Bangladesh, hayakuwafaa wenzao wa Malawi?

Mtoto mwenye nimonia kali huguna. Halii wala hakoromi. Kila anapotoa pumzi unasikia "nh!" fupi, kama ya mtu anayejitwisha gunia. Pua zinatanuka, kifua kinabonyea chini ya mbavu, na ule mguno hauachi. Ni rahisi kudhani analalamikia maumivu. Kumbe mwili wake unajitibu.

Ndani ya mapafu mna vifuko vidogo mno vya hewa, vyenye unyevunyevu. Nimonia ikiingia, baadhi hujaa majimaji na usaha, vingine vinasinyaa hadi kuta zake zinagandana. Kama unaikumbuka mifuko ya rambo kabla haijapigwa marufuku, jambo hili unalijua tayari. Uloweshe mfuko, uukamue hewa yote, halafu jaribu kuufungua: utahangaika. Ukibakiza hewa kidogo ndani, unafunguka wenyewe. Mtoto anayeguna anafanya hilo hilo: anabana koo wakati wa kutoa pumzi ili hewa isiishe yote na vifuko visigandane. Taabu ni kwamba kuguna kunachosha, na mtoto wa miezi minne hana nguvu za kuguna usiku kucha. Akichoka, ndipo mambo yanapoharibika.

Mwaka 1971, daktari George Gregory wa San Francisco, Marekani, pamoja na wenzake waliandika jinsi walivyowasaidia watoto njiti kwa kuwawekea shinikizo dogo la hewa lisilokatika. Kati ya watoto 20, walipona 16. Tangu hapo zikatengenezwa mashine nyingi za kazi hiyo, na nyingi ni za bei ambayo hospitali ya wilaya haiwezi hata kuiulizia.

Lakini shinikizo hilo linaweza kupatikana kwa maji tu. Mtoto anavishwa mrija wenye ncha mbili zinazoingia puani, na oksijeni inapita humo. Upande wa pili, mrija wa kutolea pumzi unatumbukizwa kwenye chupa ya maji. Ili pumzi itoke, lazima iyasukume maji yaliyo ndani ya mrija hadi chini kabisa, ndipo itoke kama mapovu. Ukizamisha mrija sentimita 5, mapafu yanabaki na shinikizo la sentimita 5 za maji. Ukitaka zaidi, unauzamisha zaidi. Sentimita 5 hazifiki hata nusu ya asilimia moja ya uzito wa hewa unaotukandamiza sisi sote kila siku, lakini kwa vifuko vile zinatosha. Kipimo ni rula na alama ya kalamu ubavuni mwa chupa.

Chupa yenyewe ina kisa chake. Mwaka 1996, Mohammod Jobayer Chisti, wakati huo daktari kijana katika hospitali ya mji wa Sylhet, Bangladesh, aliona watoto watatu wakifa kwa nimonia usiku mmoja. Miaka kadhaa baadaye, akiwa Melbourne, Australia, alikutana na mtambo wa mapovu wanaotumia kwa watoto. Aliporudi Dhaka akaiona chupa tupu ya shampuu, bado ina povu ndani, na wazo likamjia. Huko mashine ya kupumulia ilikuwa inagharimu karibu dola 15,000 za Marekani. Chupa na mirija yake haikuzidi dola 2.

Aliijaribu katika hospitali ya kituo cha utafiti cha icddr,b, ambayo wenyeji wa Dhaka wanaiita hospitali ya kipindupindu (na kweli, kituo hicho ndicho kilichochangia sana kuupa ulimwengu maji ya chumvi na sukari ya kuzuia kuishiwa maji). Kati ya 2011 na 2013 watoto 225 wenye nimonia kali na upungufu wa oksijeni waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu; tuyatazame mawili. Kati ya 79 waliopewa mapovu walikufa 3. Kati ya 67 waliopewa oksijeni ya kawaida, inayotiririka polepole, walikufa 10. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda, na mwaka 2015 matokeo yakachapishwa katika jarida la Lancet. Habari ya chupa ya shampuu ikazunguka dunia, na haikushangaza: nimonia ilikuwa bado inaua watoto zaidi ya 700,000 wa chini ya miaka mitano kila mwaka.

Kisha ikaja Malawi. Katika hospitali ya wilaya ya Salima, karibu na Ziwa Nyasa, mbinu hiyo ya mapovu ilijaribiwa kuanzia 2015 hadi 2018 kwa watoto 644 wenye nimonia kali pamoja na hatari nyingine: VVU, utapiamlo mkali, au oksijeni iliyoshuka mno. Waliopewa mapovu walikufa 53 kati ya 321. Waliopewa oksijeni ya kawaida walikufa 35 kati ya 323. Utafiti huu nao ulisimamishwa kabla ya muda, safari hii kwa sababu hapakuwa na matumaini kwamba mapovu yangeonyesha faida.

Wengi hukimbilia kusema watoto wa Malawi walikuwa dhaifu zaidi. Mimi naona jibu hilo ni jepesi mno, maana wa Dhaka nao wengi walikuwa na utapiamlo. Tazama wodi badala yake. Dhaka kulikuwa na madaktari karibu usiku na mchana. Salima mapovu yalikuwa mikononi mwa matabibu na wauguzi wa wodi ya kawaida, bila daktari wa kuwasimamia kila siku, na hilo ndilo lililokuwa swali la utafiti wenyewe: je, mbinu hii inafaa pale ambapo daktari hayupo?

Hewa yenye shinikizo haiendi mapafuni peke yake. Nyingine inashuka tumboni. Tumbo likijaa linasukuma juu, mtoto anatapika, na mtoto aliyechoka akitapika anapaliwa. Maziwa yanaingia kwenye mapafu yale yale yanayotibiwa. Lazima mtu aone tumbo limevimba, atoe hewa kwa mrija mwingine unaopita puani hadi tumboni, aamue kama mtoto anyonye au asubiri. Mrija wa oksijeni ukichomoka puani, mapovu yanakoma kimyakimya. Chupa ya shampuu haina kengele.

Baadaye mbinu hiyo ilijaribiwa Ethiopia, katika hospitali 12 za kawaida zenye madaktari, na wahudumu wakafundishwa kwanza. Matokeo yalitoka mwaka 2024: watoto ambao tiba iliwashinda walikuwa wachache kuliko kwenye oksijeni ya kawaida, na vifo vilipungua.