Kuchomoa betri pikipiki ikinguruma sio kipimo cha chaji

Hii ya kuchomoa waya wa betri pikipiki ikiwa inawaka, eti isipozima basi inachaji, nimeiona vijiweni miaka na miaka na mafundi wengi wanaiamini kabisa. Shida ni kwamba bodaboda nyingi ndogo CDI yake (kiboksi kinachorusha cheche kwenye plagi) inapata umeme moja kwa moja kwenye koili ya magneti, sio kwenye betri, kwa hiyo hata rektifaya (kifaa kinachogeuza na kudhibiti umeme wa kuchaji betri) ikiwa imekufa injini itaendelea tu kunguruma na wewe unaondoka umeridhika. Halafu betri ndio inayotuliza umeme, ukiitoa volti zinaweza kupanda ghafla zikaunguza taa, au kontrolboksi (kompyuta ya injini) kwa zile za injeksheni, na hiyo bei yake unaijua.

Chukua mita ya kupimia volti tu, ya bei rahisi inatosha, pima kwenye betri. Betri nzima iliyojaa, injini imezimwa, inasoma kama volti 12.6. Washa, vuta mafuta kiasi, kwa kawaida inapanda 13.5 mpaka 14.5 hivi. Ikipita 15, rektifaya hiyo ndio mbovu. Isipopanda, kagua kwanza soketi na waya wa bodi (ule wa hasi unaofungwa kwenye chesisi), mara nyingi ni kutu tu, ndo uhamie kwenye koili.