Je, wajua kwa nini timu ya chuo ikipata kocha mpya mara nyingi huanza na vipigo?

Januari 1, 2008, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Michigan iliichapa Florida 41-35, na kocha wake mkongwe, Lloyd Carr, akaaga. Nafasi yake ilichukuliwa na Rich Rodriguez, ambaye kwa miaka mitatu mfululizo alikuwa ameiweka West Virginia kwenye timu kumi bora za nchi. Hakuwa kocha wa kubahatisha. Lakini msimu wake wa kwanza Michigan ilishinda mechi 3 tu na kupoteza 9, idadi ya vipigo ambayo chuo hicho hakikuwa kimewahi kuipata katika msimu mmoja. Ile desturi ya kualikwa kila mwaka kwenye mechi za heshima za baada ya msimu, iliyodumu miaka 33, ikakatika.

Kwani kocha mzuri alisahau kazi ndani ya miezi minane?

Hapana. Mfumo wake ulitaka watu ambao hakuwa nao. Michigan ya Carr ilichezwa na kwotabeki mrefu, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, anayesimama nyuma ya safu ya mbele yenye majitu ya kumkinga, akitafuta wa kumrushia mpira. Rodriguez alitaka kitu kingine kabisa. Katika mchezo wake, beki mmoja wa wapinzani huachwa bila kuzuiwa, makusudi. Kwotabeki humtazama huyo: akimkimbilia mkimbiaji aliye pembeni, kwotabeki hautoi mpira, hubaki nao na kuchomoka mwenyewe; beki huyo akibaki mahali pake, mkimbiaji hupewa mpira. Uamuzi wenyewe hufanyika kufumba na kufumbua. Kwa hiyo anayetakiwa ni mtu mwenye mbio na jicho kali, si mnara wenye mkono wenye nguvu.

Mnara wenyewe, Ryan Mallett, aliyaona hayo mapema akahamia Arkansas. Kwotabeki Chad Henne na mkimbiaji Mike Hart walikuwa wamehitimu, na Jake Long wa safu ya mbele alikuwa amechaguliwa wa kwanza kabisa na timu za kulipwa. Wakabaki makwotabeki Steven Threet na Nick Sheridan, ambaye alijiunga na timu bila hata ufadhili wa masomo. Hakuna kati yao aliyekuwa amewahi kuanza mechi ya chuo.

Msomaji aliyezoea soka atauliza: si angesajili? Hapo ndipo penye ugumu. Vyuo haviuziani wachezaji. Wakati ule kocha aliyeajiriwa Desemba alikuwa na wiki chache tu za kuwashawishi vijana wa sekondari kabla ya siku ya kutia saini mwezi Februari, na wengi walikwishatoa ahadi kwingine. Mchezaji aliyehama chuo kimoja kwenda kingine kwa kawaida alilazimika kukaa nje mwaka mzima. Ukirithi kikosi, umerithi.

Matokeo yalionekana wazi Oktoba dhidi ya Toledo, timu ndogo ya jirani iliyomaliza msimu huo nayo kwa ushindi 3 tu. Michigan ilifika mlangoni kabisa, pasi ikanaswa, na mpira ukarudishwa yadi 100 hadi upande wa pili. Sekunde za mwisho mkwaju wa kusawazisha ukaenda pembeni. Toledo 13, Michigan 10, mbele ya mashabiki zaidi ya 100,000.

Siku hizi kanuni zimelegea. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama na kucheza papo hapo, na kocha Deion Sanders alipofika Chuo Kikuu cha Colorado alifyeka karibu kikosi chote na kuleta wachezaji wapya zaidi ya 80. Walishinda mechi 3 za mwanzo za 2023, nchi nzima ikashangilia, kisha wakamaliza na ushindi 4 na vipigo 8. Safu ya mbele haikuzoeana, na mtoto wake Shedeur, aliyekuwa kwotabeki, aliangushwa na mpira mkononi mara 52. Mwaka uliofuata walishinda 9. Kwa maoni yangu usajili wa haraka huziba pengo la vipaji, lakini kuelewana kwa watu watano wa safu ya mbele hakuletwi na fomu ya uhamisho.

Rodriguez hakupewa muda wa kutosha. Alishinda 5, kisha 7, na Januari 2011 akafungashiwa virago. Aliyemrithi, Brady Hoke, alishinda mechi 11 msimu wake wa kwanza, akasifiwa kama mkombozi. Kwotabeki wake mwaka huo alikuwa Denard Robinson, kijana mwenye mbio za ajabu, aliyeletwa Michigan na Rodriguez. Vijana walioletwa na Rodriguez walipoondoka, na kikosi kikawa cha Hoke mwenyewe, ushindi ulipungua mwaka hadi mwaka. Mwaka 2014 walishinda 5 na kupoteza 7, naye akatimuliwa.