Kisu cha kamani, na jinsi neno "springi" lilivyotupoteza

Jamaa mmoja kanitumia picha ya kisu cha kukunja alichorithi: mpini wa mfupa, mabapa mawili, shaba imeshika rangi ya kahawia. Anauliza kama anaruhusiwa kukaa nacho, "maana nasikia visu vya springi vimepigwa marufuku." Siku mbili baadaye mwingine akashika mkononi kisu cha aina hiyohiyo, akalivuta bapa likalia ta!, akatikisa kichwa kwa kuridhika: "Naam, kimejiloki." Aina moja ya kisu, na makosa mawili yanayopingana. Wa kwanza anadhani springi hulirusha bapa nje. Wa pili anadhani hulizuia lisirudi. Springi ya kisu hiki haifanyi hili wala lile.

Maana yenyewe haina urefu. Kisu cha kamani, ambacho wakusanyaji wengi hukiita slipujointi, ni kisu cha kukunja ambacho bapa lake hutulizwa na ulimi wa chuma uliolala mgongoni mwa mpini. Ulimi huo hulikandamiza shina la bapa, yaani kitako chake kilichoingia ndani ya mpini, likiwa wazi na likiwa limekunjwa. Hakuna kitufe wala kufuli. Ukivuta kwa kucha kinafunguka, ukisukuma mgongo wa bapa kinakunjika. Kile kisu chekundu cha Uswisi chenye msalaba, kile cha ukubwa wa kawaida, ni cha ukoo huu. Karl Elsener alikisajili mwaka 1897 kama kisu cha maofisa, na ujanja wake mkubwa ulikuwa kuzifanya kamani zilezile zihudumie vifaa vya pande zote mbili za mpini. Kwa hiyo wengi wetu tumeshakishika kisu cha kamani bila kujua jina lake.

Basi, maana imekwisha. Linalonikera ni neno.

"Springi" tumelichukua kwa Waingereza, na kwao asili yake ni kitenzi cha kuruka, kuchupa. Ukisema "kisu cha springi", akili inaona kitu kinachochupa, na ndivyo mtaani neno hilo lilivyoishia kuwa jina la kisu cha kufyatuka, kile cha kubonyeza kitufe bapa likatoka lenyewe. Lakini tulikuwa na neno letu kabla ya hilo, na bado wazee wa saa wanalitumia: kamani. Kamani ya saa imekatika. Kamani ya saa imelegea. Neno hilo lina mizizi Uajemi, ambako *kaman* ni upinde, na kwa Wahindi *kamani* ikawa chuma kinachopinda na kurudi. Upinde hauruki. Upinde unapindwa, unakaa umepindwa, na muda wote unataka kunyooka. Sijaona maelezo mafupi zaidi ya kinachotokea mgongoni mwa kisu hiki.

Nimewahi kukishika kimoja kimefunguliwa chote, vipande vimepangwa juu ya kitambaa. Ule ulimi ukiwa peke yake umejikunja kidogo, kama ukucha mrefu. Fundi akiupigilia pini mahali pake, unalazimika kunyooka kuliko unavyopenda, kwa hiyo kabla bapa halijagusa chochote upinde tayari umevutwa. Shina la bapa lina nyuso zilizonyooka, na kona kati ya uso na uso. Kamani ikilala juu ya uso, bapa linatulia. Ukianza kulikunja, kona inainua kamani kidogo, unahisi ubishi kidoleni, kisha kona inapita na kamani inaangukia uso unaofuata kwa mlio. Visu vingine vina uso wa ziada katikati, bapa likifika nyuzi 90 linasimama kupumzika. Vingine shina limeviringwa, na bapa linateleza moja kwa moja bila kituo. Wakusanyaji husema kisu kizuri "kinatembea na kusema": mwendo ni ule ubishi, usemi ni ule mlio. Kamani ikiwa ngumu kupita kiasi wanakiita mvunja kucha, na si kwa utani.

Mlio huo ndio uliomdanganya yule wa pili. Aliusikia akadhani ni komeo.

Historia nayo iko upande wa kamani. Visu vya kukunja vya kale, vya Warumi kwa mfano, havikuwa na upinde wa namna hii. Bapa lilishikwa na msuguano tu, kama ambavyo Opinel, kisu cha kukunja cha Savoie huko Ufaransa, ilianza mwaka 1890, na pete yake ya kuzuia bapa ikaja baadaye, mwaka 1955. Kamani ya mgongoni ilishika kasi Sheffield, Uingereza, kuanzia karne ya 17. Na hapa kuna jambo ninalolipenda mno. Chuma bora kilichoufanya mji huo uvume kilitokana na fundi wa saa, Benjamin Huntsman, ambaye miaka ya 1740 alikuwa akitafuta chuma cha kutengenezea kamani za saa zake. Akakiyeyusha katika vyungu vya udongo kikatoka sawasawa pande zote. Mafundi visu wa Sheffield walikikataa mwanzoni kwamba ni kigumu mno kufanyia kazi, na Wafaransa ndio waliokinunua. Basi kamani ya saa na kamani ya kisu ni ndugu hata kwa damu ya chuma, na Kiswahili kimeziita jina moja bila kuambiwa na mtu.

Tatizo la "kujiloki" linatokana na lugha yetu wenyewe, na hapo siwezi kumlaumu Mwingereza. Kitenzi chetu kufunga kinabeba mizigo miwili: kufunga mlango kwa kuurudisha tu, na kufunga mlango kwa ufunguo. Kisu changu cha kwanza niliambiwa na aliyeniuzia kwamba "kinajifunga." Nikaelewa kufuli. Nikaweka ncha juu ya kipande cha ubao nitoboe tundu, nikaegemea. Kumbe alisema kweli: kilijifunga, juu ya kidole changu cha shahada. Kovu lipo hadi leo, jembamba, jeupe, kama mstari wa penseli.

Kisu chenye kufuli ni kitu kingine. Chukua Buck 110 ya mwaka 1964, ya Kimarekani. Nayo ina chuma mgongoni na ina kamani ndani, lakini chuma hicho kina jino linalozama katika pengo la shina, na bapa halirudi mpaka ubonyeze mgongo wa mpini jino litoke. Laguiole ya Ufaransa ndiyo inayowachanganya watu zaidi, kwa kuwa nyingi zina kijinundu kinachoingia kwenye kishimo na kuongeza ubishi. Hata hivyo ukisukuma kwa nguvu inakunjika, kwa hiyo bado ni kisu cha kamani. (Na Laguiole si kampuni. Ni mji na ni mtindo, na nyingi za Kifaransa hutengenezwa mji mwingine, Thiers. Hilo nalo lina siku yake.)

Ingekuwa ni ubishi wa maneno tu ningenyamaza, ila sheria zimejengwa juu ya tofauti hiihii. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya visu vya kufyatuka mwaka 1959. Sheria yao ya 1988 inaruhusu kutembea na kisu cha mfukoni cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, bila kudaiwa sababu. Baadaye mahakama ikaamua kwamba kisu chenye kufuli hakihesabiki kuwa kisu cha kukunja cha aina hiyo. Marekani nayo ina sheria ya 1958 inayozuia biashara ya visu vya kufyatuka kati ya jimbo na jimbo. Mtu anayekiita kisu cha babu yake "cha springi" mbele ya afisa anajishtaki mwenyewe kwa kosa ambalo hajalifanya.

Kwa mkusanyaji, kamani ndipo anapoanza kutazama. Kampuni ya Case, ya Pennsylvania huko Marekani, huandika habari za kisu kwa namba: 6254 ni mpini wa mfupa uliochongwa vishimo, mabapa 2, muundo wa 54, yaani Trapper. Namba haikuambii kamani imekaaje. Pitisha ukucha mgongoni mwa mpini kisu kikiwa kimekunjwa, kikiwa nusu, kikiwa wazi. Katika kisu cha fundi mmoja aliyekiunda mwanzo hadi mwisho, mtu kama Stan Shaw wa Sheffield au Tony Bose wa Indiana, ukucha haukwami mahali popote, kamani na bamba za pembeni ziko sawa katika hali zote tatu. Cha kiwandani kikikosea unywele mmoja si dhambi, na vipo vya kiwandani visivyokosea. Bose mwenyewe alishirikiana na Case kutengeneza miundo yake. Kwa hiyo msikiite kisu "kastomu", yaani cha fundi mmoja, kwa sababu tu mpini wake ni wa pembe.

Yule wa picha nilimjibu kwa maneno machache. Kishike kikiwa wazi, vidole vikae mbali na makali, kisha sukuma mgongo wa bapa kwa kidole gumba bila kugusa kitu kingine. Akajibu: kimekunjika, na hakuna kitufe. Nikamwandikia kwamba basi hicho ni kisu cha kamani, asome sheria ya mahali alipo akiwa na jina hilo kichwani, na aweke tone la mafuta kwenye pini.